Mapigo ya Moyo kwa Mgonjwa wa Chagas: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kufuatilia na Kutibu

Mtu mwenye ugonjwa wa Chagas anaweza kulima, kubeba mizigo na kulea watoto kwa miaka 20 bila kuumwa popote. Siku moja anainuka kitini, macho yanaingia giza, anaanguka. Akizinduka anajiona mzima, na waliomzunguka wanasema ni njaa, ni jua, ni uchovu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya siku hiyo, na zaidi kwa ajili ya miaka inayoitangulia. Mara nyingi Chagas huharibu nyaya za umeme wa moyo kabla misuli yenyewe haijachoka, na hali ya nyaya hizo hupimwa kwa dakika chache tu.

Unamhusu mgonjwa, ndugu anayemhudumia, na mhudumu wa afya ambaye hajawahi kukutana na ugonjwa huu kwa kuwa chimbuko lake ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Dozi za dawa sitazitaja; hizo ni kazi ya daktari aliye mbele ya mgonjwa.

Kwanza elewa kinachoharibika

Mwaka 1909 daktari Mbrazili, Carlos Chagas, alikuwa Lassance, mji mdogo wa jimbo la Minas Gerais, alikotumwa kupambana na malaria kwa wajenzi wa reli. Huko akaonyeshwa mdudu mnyonya damu aliyejificha kwenye nyufa za kuta za udongo na kutoka usiku kuwauma watu usoni. Wabrazili humwita barbeiro, yaani kinyozi. Argentina na Bolivia ni vinchuca. Chagas alikuta kimelea tumboni mwa mdudu huyo, akakiita Trypanosoma cruzi kwa heshima ya mwalimu wake Oswaldo Cruz, kisha akakikuta kwenye damu ya mtoto wa miaka miwili aliyeitwa Berenice. Kimelea hiki ni ndugu wa kile cha malale kinachoenezwa na mbung'o, lakini tabia zao ni mbali. Cha malale hushambulia ubongo; hiki cha Chagas hupenda misuli, na msuli wa moyo ndio makao yake makuu.

Mdudu huacha kinyesi chenye vimelea karibu na alipouma, na mtu akijikuna anaviingiza mwenyewe mwilini. Njia nyingine ni mama kumwambukiza mtoto tumboni, damu au kiungo cha kupandikizwa, na chakula au kinywaji kilichochafuliwa. Katika bonde la Amazon, juisi ya tunda la açaí imewahi kuambukiza familia nzima kwa siku moja.

Wiki za mwanzo huwa na homa kidogo, au hakuna dalili kabisa. Kisha ukimya. Kati ya watu milioni 6 hadi 7 wanaokadiriwa kuishi na vimelea hivi duniani, wengi hawajui kama wanavyo. Baada ya miaka 10 hadi 30, takriban mmoja kati ya watatu moyo wake huonyesha madhara.

Madhara hayo ni ya namna tatu, na yote huvuruga mapigo. Uvimbe wa muda mrefu huua nyuzi za kupitisha umeme, hivyo amri ya kupiga inachelewa au haifiki. Pili, mahali palipokufa msuli pana kovu, na umeme hulizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni. Mzunguko huo ukijirudia bila kukoma, chemba za chini, yaani vyumba vya chini vya moyo, zinakwenda mbio zenyewe bila kungoja amri. Tatu, neva zinazoupunguzia moyo kasi zinapungua. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mapigo ya polepole mno asubuhi na ya kasi mno jioni, jambo linalowachanganya wengi na kuifanya tiba iwe ya kupimwa kwa makini.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba ni Chagas

Katika ukimya wa miaka mingi, vimelea kwenye damu ni vichache mno kuonekana kwa darubini. Hutafutwa kingamwili, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na kimelea, na kipimo kimoja hakitoshi. Panahitajika vipimo viwili vyenye misingi tofauti, vyote vikubaliane. Vikitofautiana, cha tatu huamua. Usikubali kuandikiwa dawa wala kuambiwa u mzima kwa jibu la kipimo kimoja cha haraka.

Mtu aliyeambukizwa karibuni, mtoto mchanga, au aliyedhoofika kinga hupimwa tofauti: kwao vimelea hutafutwa moja kwa moja kwenye damu.

Hatua ya 2: Pata ECG ya kwanza, na uitunze

Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ndicho chenye thamani kuliko vyote katika ugonjwa huu, na nasema hivyo nikijua kwamba kuna mashine za gharama kubwa zaidi. Hakiumi. Kipo hata kwenye vituo vidogo. Kila mwenye jibu la Chagas anapaswa kukifanyiwa siku za mwanzo, ajisikie vibaya au asijisikie lolote.

Omba nakala ya karatasi, au ipige picha uitunze kwenye simu. Mwakani, daktari akiwa na karatasi mbili mkononi ataona kilichobadilika. Akiwa na moja atabaki kukisia.

Anayesoma karatasi hiyo atafute haya. La kwanza ni kuziba kwa tawi la kulia la umeme, hasa likiambatana na kuziba kwa kijitawi cha mbele cha kushoto. Haya mawili yakikutana kwa mtu aliyekulia vijijini Bolivia, Argentina, Brazil au nchi jirani, Chagas iwe wazo la kwanza hata kama hajawahi kupimwa. La pili ni mapigo ya ziada kutoka chemba za chini, ambayo kwenye karatasi huonekana mapana na yenye sura ya ajabu. La tatu ni kuchelewa au kukatika kwa umeme kati ya chemba za juu na za chini. Kuchelewa kidogo ni onyo, kukatika kabisa ni dharura. Kisha kuna moyo unaopiga polepole bila sababu, mtetemo wa chemba za juu ambao huja zaidi ugonjwa ukishakomaa, na michoro mifupi isiyo ya kawaida kwenye mikono na miguu, ishara kwamba msuli mwingi umegeuka kovu.

Karatasi ikiwa safi, na mtu hana dalili, yuko kwenye hatua ya ukimya. Hiyo ni habari njema kwelikweli, kwa kuwa kwa wakati huo uwezekano wake wa kufa hautofautiani sana na wa mtu asiye na Chagas. Lakini kila mwaka takriban watu 2 kati ya 100 walio kwenye ukimya huo huanza kupata ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo ECG irudiwe kila mwaka, maisha yote. Wengi hupotelea hapa: wanaambiwa moyo ni mzima, wanashukuru, hawarudi tena.

Hatua ya 3: Jifunze kushika mapigo na kutambua dalili

Kaa kitini dakika 5. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ubonyeze taratibu. Hesabu dakika nzima. Ile njia ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 haifai hapa, maana pigo linaloruka huweza kujificha kwenye sekunde ambazo hukuhesabu. Andika idadi, na uandike kama yalikuwa na mpangilio, kama yaliruka, au kama hayakuwa na utaratibu wowote. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100.

Zipo dalili za kueleza kliniki siku zijazo: moyo kuruka mara mojamoja, kuchoka kuliko zamani, miguu kuvimba taratibu.

Zipo zisizongoja kesho. Kuzirai, hata kwa sekunde chache, hata kama umezinduka vizuri. Kukaribia kuzirai, macho yakaingia giza. Moyo kwenda mbio ghafla, kama umewashwa kwa swichi, ukaambatana na jasho, maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Mapigo chini ya 40, au chini ya 50 pamoja na kizunguzungu. Mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kutotoka, maana hicho ni kiharusi.

Kuzirai nakutaja kwa mkazo kwa sababu ndiko kunakopuuzwa zaidi. Mwenye Chagas aliyezirai achukuliwe kuwa umeme wa moyo ulikatika au ulikwenda mbio, mpaka vipimo vioneshe vingine. Afike hospitali siku hiyohiyo, na asiendeshe gari wala pikipiki kujipeleka. Sehemu kubwa ya vifo vya wenye moyo wa Chagas ni vya ghafla, na baadhi yao walikuwa wamezirai kabla wakaambiwa wapumzike.

Hatua ya 4: Vipimo vya ndani na hesabu ya hatari

ECG ikiwa na kasoro, au kukiwa na dalili, vipimo viwili hufuata.

Cha kwanza ni Holter, kimashine kinachovaliwa saa 24 au zaidi na kurekodi kila pigo. Kinachowindwa zaidi ni mbio fupi za chemba za chini: mapigo 3 au zaidi mfululizo, ya kasi, yanayokoma yenyewe kabla ya sekunde 30. Siku ya kukivaa usilale kitandani ukadhani unakisaidia. Fanya kazi zako za kawaida, na uandike saa ya kila dalili, ili daktari alinganishe ulichohisi na kilichorekodiwa.

Cha pili ni picha ya mawimbi ya sauti, inayoitwa eko. Inaonyesha nguvu ya moyo kusukuma damu, sehemu za ukuta zisizosogea, na kifuko kwenye ncha ya chemba ya chini ya kushoto. Kifuko hicho ni kama sahihi ya Chagas. Damu hutuama humo ikaganda, na donge likiachia huenda kwenye ubongo. Anayepima aombwe waziwazi kuikagua ncha ya moyo, kwani ni rahisi kuipita. Hospitali zenye MRI huweza pia kuonyesha kovu lilipo na ukubwa wake.

Baada ya hapo ipo hesabu iliyotokana na kazi ya daktari Anis Rassi na wenzake wa Brazil, waliofuatilia wagonjwa 424 na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Alama zake ni hizi:

- moyo kushindwa kufanya kazi kiasi cha kuchoka kwa shughuli ndogo au hata ukiwa umekaa: 5
- moyo kuonekana mkubwa kwenye eksirei ya kifua: 5
- ukuta wa moyo kutosogea vizuri kwenye eko: 3
- mbio fupi za chemba za chini kwenye Holter: 3
- michoro mifupi kwenye ECG: 2
- kuwa mwanamume: 2

Alama 0 hadi 6 ni hatari ndogo. Katika kundi hilo, watu 10 kati ya 100 walifariki ndani ya miaka 10. Alama 7 hadi 11 ni ya kati, 44 kati ya 100. Alama 12 hadi 20 ni kubwa, 84 kati ya 100. Mwanamume asiyechoka, mwenye moyo wa ukubwa wa kawaida, lakini ukuta wake hausogei vizuri na Holter imeonyesha mbio fupi, ana 2 na 3 na 3, jumla 8. Anajisikia mzima, lakini yumo kwenye hatari ya kati. Kwa mtu kama huyo hesabu hii ina faida kubwa kuliko kwa mwingine yeyote.

Ukiona namba yako imekuwa kubwa, kumbuka inazungumzia kundi lililofuatiliwa kabla ya baadhi ya tiba za leo. Ni sababu ya kuonana na daktari wa moyo haraka na mara kwa mara.

Hatua ya 5: Tiba

Wengi hutegemea kwamba vimelea vikiuawa, mapigo yatatengemaa. Hapa lazima nieleze ukweli. Dawa za kuua vimelea ni mbili, benznidazoli na nifurtimoksi. Humezwa kwa takriban miezi miwili, na zinafaa sana kwa maambukizi mapya, kwa watoto, kwa wanawake wanaotarajia kuzaa baadaye (si wakati wa ujauzito), na mara nyingi kwa watu wazima ambao moyo bado haujaharibika. Utafiti wa BENEFIT, uliofanyika Argentina, Bolivia, Brazil, Colombia na El Salvador kwa wagonjwa 2,854 ambao mioyo yao ilikwisha kuathirika, ulichapishwa mwaka 2015. Benznidazoli ilipunguza vimelea kwenye damu, lakini haikuzuia moyo kuendelea kuharibika. Kovu likishakuwepo, dawa hiyo hailifuti. Wa kuwahiwa ni mtoto na kijana.

Kwa mapigo ya polepole au umeme uliokatika, tiba ni betri ya moyo. Hufungwa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake hufika ndani ya moyo na kuupa amri unapochelewa. Mgonjwa huweza kurudi kwenye shughuli zake, na katika nchi za Amerika ya Kusini Chagas ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kufungwa betri hizi.

Kwa mapigo ya kasi kutoka chemba za chini, dawa inayotumika sana ni amiodaroni, mara nyingi pamoja na beta-bloka, aina ya dawa za kutuliza mapigo. Zote mbili hupunguza kasi, na nilikwisha kusema kwamba moyo huuhuu huweza kuwa na nyaya zilizokatika. Kwa hiyo kabla ya kuanza, na wiki chache baada ya kuanza, ECG ni lazima. Wakati mwingine betri hufungwa kwanza ili dawa iweze kutolewa kwa usalama.

Aliyenusurika moyo kusimama, au aliyepata mbio ndefu za chemba za chini, hufikiriwa kuwekewa kifaa cha kushtua moyo. Hufanana na betri, ila kinaweza pia kutoa shoti ya kuukatisha moyo mbio hizo. Kwa ambaye bado hajapatwa na tukio kama hilo lakini ana hatari kubwa, uamuzi ni mgumu. Utafiti wa CHAGASICS wa Brazil, uliochapishwa mwaka 2024, ulilinganisha kifaa hicho na amiodaroni kwa watu hao. Vifo vya ghafla vilikuwa vichache kwa wenye kifaa, lakini jumla ya vifo haikutofautiana kwa kiasi cha kuhakikisha. Mwulize daktari wako waziwazi: mimi nawekewa kuzuia nini, na kama sikuwekewa, kwa nini?

Ukishawekewa kifaa na kikakushtua mara moja, nawe ukabaki salama, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Kikikushtua mara mbili au zaidi, au ukijisikia vibaya baada ya mara moja, nenda hospitali bila kungoja.

Mbio zikiendelea kurudi, ipo njia ya kuchoma sehemu ya kovu inayozungusha umeme kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa. Katika Chagas kovu hilo mara nyingi liko upande wa nje wa moyo. Kwa sababu hiyo Eduardo Sosa na wenzake wa São Paulo walibuni mwaka 1996 njia ya kuufikia upande huo kwa sindano kupitia chini ya mfupa wa kifua.

Mwenye mtetemo wa chemba za juu, donge ndani ya moyo, au aliyekwisha kupata kiharusi kilichotoka moyoni huhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwenye kifuko kwenye ncha ya moyo au moyo dhaifu apimiwe hatari hiyo hata kama mapigo yake yana mpangilio.

Hatua ya 6: Dawa na mambo yanayoweza kuvuruga mapigo

Amiodaroni hukaa mwilini kwa miezi. Inaweza kuathiri tezi ya shingo, ini, mapafu na macho, hivyo tezi na ini hupimwa takriban kila miezi 6. Kikohozi kikavu au pumzi kupungua huripotiwa mapema. Jikinge na jua kali, maana ngozi huungua upesi. Ukitumia pamoja nayo wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu itakuwa nyepesi kuliko kawaida na vipimo vyake viwe vya karibukaribu.

Dawa za kupunguza maji mwilini, kama furosemidi, huondoa pia potasiamu na magnesiamu. Madini haya yakishuka, moyo wenye kovu huruka kirahisi. Kuharisha au kutapika siku mbili hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo kwa mgonjwa huyu kuharisha hakuhesabiwi kuwa jambo dogo.

Kuna dawa za kawaida zinazorefusha muda wa moyo kujichaji, hatari ikiongezeka zikichanganywa na amiodaroni. Miongoni mwake ni azithromisini, siprofloksasini, klorokwini, kwinini na haloperidoli. Hii haimaanishi ukiugua malaria uiache bila kutibiwa. Maana yake ni kwamba kila anayekuandikia dawa, na kila muuza dawa, asikie maneno haya kabla hajakupa chochote: "Nina Chagas ya moyo, na natumia dawa hizi." Yaandike kwenye kadi, pamoja na picha ya ECG ya mwisho na aina ya betri kama unayo, ukae nayo kila uendako.

Jambo moja husahauliwa na madaktari wa moyo. Chagas hupanua pia umio, na kidonge kinaweza kukwama njiani na kuuchubua au kisifanye kazi. Ukiona chakula kinashuka kwa shida, sema. Meza dawa ukiwa umekaa wima, kwa maji ya kutosha.

Hatua ya 7: Mtu akianguka mbele yako

Mtikise, mwite kwa sauti. Asipoitika na asipopumua kawaida, moyo umesimama. Kukoroma kwa vipindi si kupumua. Agiza mtu apige simu ya dharura na alete mashine ya kushtua moyo kama ipo karibu. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Bonyeza chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiachia kifua kiinuke kila mara. Mkichoka pokezaneni. Mashine ikifika iwasheni na mfuate inachosema. Usiogope kumgusa kwa sababu ya Chagas, maana haiambukizwi kwa kumshika mtu. Kama ana betri au kifaa cha kushtua, bonyeza vilevile.

Wanaoishi na mgonjwa mwenye alama kubwa wajifunze hili kwa mikono, kabla ya kuhitajika.

Hatua ya 8: Wapime wa nyumbani

Akipatikana mmoja, watafute wengine. Mama yake, ndugu zake waliolala nyumba moja naye utotoni, na kama ni mwanamke, watoto wake wote, hata walio watu wazima sasa. Mjamzito mwenye Chagas aieleze kliniki yake, na mtoto apimwe akizaliwa. Jibu la mwanzo likiwa halina vimelea, arudishwe kupimwa kingamwili akiwa na miezi 8 au zaidi, zile za mama zikiwa zimekwisha mwilini mwake. Mtoto akitibiwa ndani ya mwaka wa kwanza, karibu wote hupona kabisa. Mwenye Chagas asitoe damu. Na kila ndugu atakayekutwa nayo aanzie Hatua ya 2, na karatasi yake mwenyewe ya ECG.